Kazi ya Kuwarudisha Hewani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikatazwa kuongea. Nilikuwa nimetoka kushona suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ, vile vya nguo za kuuzwa nje ya nchi, pale Athi River, mahali ambapo mashine hunguruma kuanzia asubuhi, na mtu akitaka kuomba uzi lazima apaze sauti kama anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Kwa hivyo nilipofika langoni kwa Kituo cha kutibu wanyamapori, huku Lukenya, nilimsalimia bawabu kwa sauti yangu ya kiwandani. Bawabu hakujibu. Aliweka kidole mdomoni, kisha akanielekeza jikoni kwa mkono.

Huko nilimkuta Mkuu wa Jikoni, mzee mwenye gambuti na aproni ya mpira, ambaye kabla ya kuja Kituoni alikuwa mchinjaji katika kiwanda cha nyama. Alikuwa akinoa kisu.

"Wewe ndiye Syombua?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Ndiyo mimi, mzee."

"Teremsha sauti. Nyuma ya ukuta huu kuna wagonjwa. Kwako wewe sauti ya mtu ni salamu. Kwao sauti ya mtu ni chui amefika."

Alinieleza huku akiendelea kunoa. Ndege wa porini akisikia watu karibu, moyo wake hupiga mbio, na moyo ukipiga mbio kutwa nzima mgonjwa hali chakula. Asipokula, dawa zote za Daktari ni maji tu. Basi ukimya ndiyo dawa ya kwanza, na hainunuliwi dukani. Baada ya hapo alinisukumia karai la panya weupe waliokufa na kuniambia nianze kukata.

Nilikata. Sikuwa na kinyaa; mtoto aliyelelewa Katangi amenyonyoa kuku na kuchuna mbuzi tangu akiwa mdogo. Kilichonishangaza ni kwamba mzee alinizuia nilipotaka kuondoa ngozi na mifupa ili nibakishe nyama nzuri.

"Unawapikia wageni wa harusi?" akauliza. "Acha kila kitu."

Hapo ndipo nilipojifunza somo langu la kwanza la kitaalamu. Ndege mla nyama, awe tai, kipanga au bundi, humeza windo lake pamoja na manyoya na mifupa. Nyama husagika tumboni, na yale mabaki hujiviringa kuwa donge ambalo ndege hulitapika asubuhi. Donge hilo ndilo linalomsafisha koo na tumbo. Ukimlisha minofu mitupu, hatoi donge, na baada ya muda anaanza kuugua akiwa ameshiba. Kila asubuhi tulikagua madonge chini ya vitulio kabla hatujanywa chai. Donge gumu na kavu lilimaanisha mgonjwa ana nafuu. Pasipokuwa na donge, tulimwita Daktari.

Vijana wengi wakisikia kituo cha kutibu wanyamapori hudhani ni bustani ya wanyama, mahali pa kununua tiketi na kupiga picha na simba. Kituo chetu hakikuwa na tiketi, na wageni hawakuruhusiwa kupita ofisini. Kilikuwa hospitali. Kulikuwa na chumba cha mapokezi, ambapo kila mgonjwa alipimwa uzito na kuangaliwa mdomo, macho na kucha. Kulikuwa na karantini, vyumba vya pembeni ambamo wageni walikaa peke yao mpaka tuhakikishe hawajaleta maradhi ya kuambukiza. Kulikuwa na wodi yenye masanduku ya mbao yaliyofunikwa kwa mapazia ya gunia, kwa kuwa giza humtuliza ndege. Mwisho kabisa, mbali na majengo, yalikuwa mabanda ya kurukia: mabanda marefu yenye kona, ambapo ndege aliyepona hujifunza tena kupaa, kugeuka na kutua. Tulipokea kila kilichotufikia. Ndege waliopigwa na umeme wa nguzo, kobe waliokanyagwa na malori Barabara ya Mombasa, nungunungu, kanu, na mara moja kakakuona aliyefungwa ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Nilitoka jikoni nikapelekwa wodini, chini ya Msimamizi wa Wodi. Huyu alikuwa mama wa Kitui, muuguzi wa watu aliyestaafu, na aliwaendesha tai kama alivyokuwa akiwaendesha wazazi wa leba. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna kumpa mgonjwa jina.

"Ukimpa jina, utataka aitike," alituambia. "Na siku akiitika, umemharibu."

Sikumwelewa mpaka tulipoletewa bundi mchanga aliyelelewa na familia moja ndani ya nyumba. Hiyo ilikuwa ajabu kwa kuanzia, kwa sababu kwetu watu wengi humfukuza bundi kwa mawe wakisema ameleta kifo. Familia hii ilikuwa na roho nzuri. Walimlisha mkate wa maziwa, wakamlaza sebuleni, na bundi akakua akiamini kwamba yeye ni mtu. Alikuwa na afya, alijua kuruka, lakini kila tulipomwachilia alirudi kutua begani kwa mtu yeyote aliyepita. Hakuwahi kwenda porini. Alizeekea Kituoni. Tangu hapo sikumpa ndege jina, na niliwafokea wengi waliojaribu.

Mama yangu mzazi naye alisikia kwamba nafanya kazi na bundi. Kwa muda mrefu alinikataza kuingia kwake na nguo za kazi. Nilikuwa navua makoti uani kama mtu aliyetoka kupulizia kahawa dawa. Alilegea siku aliyogundua kwamba mahindi yake ghalani hayaliwi tena na panya, na kwamba kuna bundi juu ya paa. Aliacha tu kuwarushia mawe.

Daktari wetu alikuwa mtu wa Kisumu, mrefu, mpole, asiyeona aibu kuuliza. Alipoletewa kobe mwenye gamba lililopasuka, alikwenda Athi River kwa mafundi wanaonyoosha bodi za magari, akakaa nao akiangalia wanavyoziba bampa kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi. Akarudi akaziba gamba la kobe vivyo hivyo, baada ya kusafisha kidonda na kuhakikisha hakuna usaha ndani. Yule kobe alitembea. Sisi tulicheka tukisema kilichobaki ni kumpiga rangi.

Huyo Daktari ndiye aliyenifundisha kazi iliyonipa heshima, yaani kuunganisha manyoya. Niwaeleze. Bawa la ndege hubebwa hewani na manyoya makubwa ya kurukia. Yakivunjika, mfupa unaweza kuwa mzima na ndege asiruke, kama vile gari zima lisilo na magurudumu. Manyoya hubadilika yenyewe, ila kwa tai mkubwa hilo huchukua misimu mingi, na kumfungia ndege muda wote huo ni kumlemaza. Kwa hivyo tunachukua unyoya uliodondoka kwa ndege mwingine wa aina hiyo hiyo, wa bawa hilo hilo na nafasi hiyo hiyo. Tunaukata mrija wake kwa mshazari, tunachonga kijiti cha mwanzi kinachoingia pande zote mbili, tunatia tone la gundi, tunaunganisha. Ukikosea pembe kidogo tu, unyoya unakaa upande na ndege anaruka akiyumba.

"Ulishona miaka mingapi?" Daktari aliniuliza siku ya kwanza aliponiona nimeshika mkasi.

"Ya kutosha, Daktari."

"Basi mikono tayari unayo. Mimi nitakupa mengine."

Alinipa. Alinifundisha mpangilio wa bawa, unyoya kwa unyoya, mpaka nikaweza kuusoma nikiwa nimefumba macho. Sitajifanya mnyenyekevu hapa: niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu yeyote Kituoni, na Daktari alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Palipokuwa na bawa bovu, niliitwa.

Baadaye Kituo kilifungua tawi dogo kule Yatta, nje kidogo ya soko la Katangi: vyumba viwili, banda moja la mapumziko, pikipiki na simu. Nilitumwa huko kuwa mkuu wa tawi. Ilikuwa nyumbani, na kwa sababu hiyo ilikuwa ngumu. Lukenya nilitibu ndege waliokuja bila maelezo. Katangi niliwajua waliowajeruhi.

Asubuhi moja ya kiangazi naibu wa chifu alinipigia simu, akiniita kwa jina la mwanangu kama wengi walivyoniita. "Mama Mutua, kuja haraka. Kuna mama hapa amepiga ndege mkubwa kama mtoto. Bado hajakufa. Watu wamejaa."

Nilimfahamu huyo mama kabla sijafika. Alikuwa Mama Ndunge, mjane anayeishi peke yake chini ya kilima, mfugaji wa mbuzi. Nilimkuta amesimama na fimbo mkononi, leso imefungwa kiunoni, na watu wakiwa wamemzunguka kwa mbali. Chini, kando ya mzoga wa kitoto cha mbuzi, alilala tai. Alikuwa jike la wale tai wakubwa kuliko wote wa nyika zetu, mwenye kifua cheupe chenye madoa na macho ya manjano. Mguu ulikuwa umebanwa na waya wa mtego. Bawa la kushoto lilining'inia, na manyoya yake ya kurukia yalikuwa yamekatikakatika kwa sababu ya kujipigapiga.

"Usimguse," Mama Ndunge aliniambia. "Bado sijamaliza."

"Mwaitu," nilimwambia, kwa maana ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima, "nimekuja kumchukua."

"Huyu ni mwizi. Hiki ni kitoto cha tatu. Mwizi wa watu akishikwa sokoni mnamfanyia nini?"

"Tunamwita chifu. Na naibu wake ameshafika."

Watu walicheka kidogo, na kicheko kilinipa nafasi ya kupiga magoti. Nilimfunika tai kichwa kwa koti langu, kwa kuwa akikosa kuona anatulia. Nilimshika miguu yote miwili kwanza. Vijana wanaoanza huogopa mdomo. Mdomo wa tai utakuchuna ngozi tu. Kucha zake ndizo zitakazopita kiganja mpaka upande wa pili. Nikakata waya kwa koleo. Nilipoinuka nimembeba kifuani, Mama Ndunge aliniuliza swali moja, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka:

"Nitafungwa?"

"Mimi nimekuja kwa ajili ya ndege," nilimjibu. Naibu wa chifu alimwonya mbele ya watu wote, akauchukua ule waya, na mambo yakaishia hapo.

Lukenya, eksirei ilionyesha kwamba mfupa mmoja wa bawa ulikuwa umevunjika na wa pili mzima. Hiyo ilikuwa bahati, kwani mfupa mzima humshikilia mwenzake kama banzi. Daktari aliingiza chuma chembamba ndani ya mfupa, akafunga bawa mwilini, akashona mguu. Mguu ndio ulionitia wasiwasi. Tai akisimama muda mrefu kwa mguu mmoja kwa sababu ya maumivu, unyayo wa mguu huo unaobeba uzito wote huvimba na kuoza, na nimeona ndege wengi wakiokolewa bawa wakauawa na nyayo. Nilimzungushia vitulio vyake kwa kamba ya katani, nene hapa, nyembamba pale, ili nyayo zisibanwe mahali pamoja. Niliomba ruhusa ya kubaki Lukenya nimshughulikie mwenyewe, na nikapewa.

Mfupa ulipounga, tulimtoa chuma, na nikaanza kazi yangu. Kituoni tulikuwa na tai wa aina hiyo aliyepoteza bawa moja kwenye nguzo ya umeme, ambaye hangeweza kurudi porini kamwe. Manyoya aliyokuwa akidondosha kwenye bawa lake la kushoto tulikuwa tukiyahifadhi kwenye sanduku kwa miaka. Siku hiyo nililifungua. Daktari alimlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, nami nikaunganisha unyoya baada ya unyoya, bila kusemeshwa na mtu, mpaka bawa likajaa. Nilipolikunjua chini ya taa lilikuwa kama halijawahi kuguswa. Yule mlemavu wa nguzo ya umeme alikuwa amemkopesha mwenzake anga.

Zikafuata wiki za mazoezi kwenye banda la kurukia. Mwanzoni aliruka akatua chini, akihema kwa mdomo wazi. Tukampumzisha. Kidogo kidogo akafika kitulio cha mbali, akaweza kukata kona, akaacha kuhema. Siku aliyomkamata kware hai bila kumkosa, Daktari aliandika amepona, na swali likawa moja: tumwachilie wapi?

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mzuri mwenye mzigo mzito. Yeye ndiye aliyetafuta wafadhili, na wafadhili hupenda kuona. Alikuwa amepanga tai aachiliwe kwenye hifadhi moja ya wanyama, mbele ya kamera na wageni. Aliniita ofisini kuniarifu, nami nikamwambia hapana.

Aliinua macho kutoka mezani. "Hapana kivipi, Mama Mutua?"

"Kule hifadhini kuna tai wengine, bwana Mkurugenzi. Kila jozi ina eneo lake, na mgeni hupigwa. Tumetibu bawa likapona, halafu tukampeleke akavunjwe tena? Huyu ana kwao. Ana dume lake Katangi."

"Na Katangi ana adui yake. Yule mama atamuua ndani ya mwezi. Daktari, wewe unasemaje?"

Daktari alifikiri. "Kitaalamu Syombua yuko sawa. Kiusalama wewe uko sawa."

Mkurugenzi akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu yaliniangukia mimi. "Basi nenda Katangi. Huyo mama akikubali kwa mdomo wake mwenyewe, na wewe uniambie umemwamini, nitaahirisha kamera. Lakini ndege akiuawa, ni wewe utakayekwenda kuuokota mwili."

"Nitakwenda," nilisema.

Nilimkuta Mama Ndunge akichambua mahindi ya muthokoi mlangoni. Alinipa kigoda, akanipa maji, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Kama umeleta yule mwizi, rudi naye."

Nilimweleza wazi. Sikumwambia kwamba tai hatakula mbuzi tena. Huo ungekuwa uongo na yeye angejua. Nilimwambia tai mkubwa huwinda zaidi kanga, sungura, kenge na digidigi, na kwamba huchukua kitoto cha mbuzi pale kinapoachwa kikitangatanga bila mama. Nilimwambia Kituo kitamjengea banda la watoto wa mbuzi, lenye paa la waya na ukuta wa miiba, wakae humo mpaka wawe wazito kiasi cha kutobebeka.

Aliendelea kuchambua. "Na asipokuwa huyo, hakuna mwingine atakayekuja?"

"Atakuja mwingine. Mahali pazuri hapakai bure. Na mwingine atakuwa mgeni, hajui hata mbuzi wako ni nini na mbwa wako ni nini."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Juu ya kilima palisikika mlio wa tai, wa juu na wa kujirudia. Mama Ndunge aliinua kidole.

"Huyo unamsikia? Ni mume wake. Kila asubuhi anakaa kwenye ule mgunga mkubwa analia. Amenisumbua kiangazi chote. Nilitaka kukupigia umchukue huyo pia."

"Anamwita."

"Kwani mimi sijui anafanya nini?" alinijibu kwa ukali. Akasukuma ungo pembeni. "Wangu alipokufa mimi pia nilitoka kila asubuhi nikasimama pale kwa mlango. Miaka. Mtu hakuja kuniambia, mama, huyu hapa, tumemtengeneza."

Niliuvuta ungo karibu nikaendelea kuchambua mahindi yake. Tulikaa. Dume lililia tena.

"Hilo banda," akasema hatimaye, "mlango uwe upande wa jikoni, niuone nikipika. Na mniletee miti ya kudumu. Mimi sitaki hizi fito za mchwa."

"Kwa hivyo umekubali?"

"Nimesema mlango uwe upande wa jikoni."

Nilimpigia Mkurugenzi nikamwambia nimemwamini.

Banda lilijengwa kwanza, ndipo tai akaletwa. Tulimwachilia asubuhi jua lilipokwisha kupanda, kwa sababu tai mzito huhitaji hewa ya joto inayoinuka kutoka ardhini ili imbebe. Kumwachilia alfajiri ni kumtesa. Walikuwepo Daktari, Mkurugenzi bila kamera yoyote, majirani, na Mama Ndunge aliyesimama mbali na fimbo yake ileile ya kuchungia. Niliweka sanduku kwenye mwamba wa mteremko, nikapenyeza mkono nikamvua tai kofia ya ngozi iliyomziba macho njiani, nikafungua mlango na kurudi nyuma.

Alitoka kwa miguu. Alisimama akatazama kilima, akatazama sisi. Kisha akaruka, na kuruka kwenyewe kulikuwa kubaya. Alishuka badala ya kupanda, chini, chini, mpaka miguu ikagusa vichaka, na nikasikia Mkurugenzi akivuta pumzi. Mimi nilikuwa naangalia bawa la kushoto. Manyoya yangu yalikuwa yamekaa sawa, yote, kama vidole vya mkono mmoja. Nikajua kwamba tatizo si bawa. Ni woga na uzito wa mwili uliokaa ndani sana.

"Piga!" Mama Ndunge alipaza sauti kwa Kikamba, akisahau sheria zetu zote za ukimya. "Piga mabawa, wewe!"

Tai alipiga. Alipiga tena, akafika pale ambapo mwamba ulikuwa umepata joto, akatanua mabawa na hewa ikamshika. Alizunguka mara moja. Akazunguka tena, juu zaidi. Kutoka kwenye ule mgunga dume liliondoka, nao wawili wakapanda mpaka ikawa lazima mtu akinge jua kwa kiganja ili awaone. Daktari alinishika bega. Nililia mbele ya wakubwa wangu na sikuona haya.

Kumbe Mkurugenzi hakuhitaji kamera. Habari ya banda la Mama Ndunge ilizunguka Yatta nzima. Wafugaji walikuja kuliona, wakaenda kujenga yao, na wafadhili wakapenda hilo kuliko picha za tai. Kabla sijastaafu, simu zilizoingia tawini kuhusu ndege waliotegwa zilikuwa zimepungua kiasi kwamba vijana wangu walilalamika hawana la kufanya. Niliwaambia hospitali tupu ndiyo sifa ya daktari.

Nilistaafu mwaka jana. Walinifanyia sherehe Lukenya, mbali na wodi, watu wakaimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo mgeni yeyote angelicheka. Sasa nakaa Katangi, nina kuku na bustani ya mboga. Vijana wanaosomea kazi hii hunitembelea, nao wanajua mambo ambayo sisi hatukuyajua: wanafunga ndege kidude cha satelaiti na kumfuata kwa simu mpaka mpakani. Nafurahi nao. Ninachowaambia ni hiki tu. Kutibu ndege ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko kwa watu, kwenye vigoda vyao, na huko hakuna dawa ya usingizi. Ukipenda wanyama na huwezi kukaa na mwenye mbuzi ukamsikiliza mpaka mwisho, tafuta kazi nyingine.

Wiki iliyopita Mama Ndunge alinipigia simu. Hakunisalimia.

"Tai wako amekuja kwa mbuzi wangu."

Niliketi. "Banda je?"

"Banda liko. Mlango ndio ulikuwa wazi."

"Nani aliuacha wazi?"

Alikohoa. "Wewe nisikilize kwanza. Hakuwa peke yake. Amekuja na mtoto wake, mkubwa kama yeye mwenyewe, kifua cheupe bila doa. Mama amekaa kwa mti anaangalia tu. Yule mtoto ndiye ameshuka. Ameshika kakitoto kangu, kakamshinda, akakaangusha. Ameshika tena, akakaangusha tena. Hajui kazi kabisa! Nilisimama hapo nimeshika sufuria, nikashindwa nimfukuze ama nimwonyeshe."

"Na mbuzi?"

"Amepona. Ni mikwaruzo tu. Nimempaka ile dawa yenu ya zambarau, anatembea akijiona."

Nilimuuliza kama anataka nimtume mtu wa tawini aje akague mlango.

"Mlango nimeshafunga," akasema. "Sitaki mtu. Nilikuwa natafuta nani nitamwambia haya maneno afurahi, nikaona hapa Yatta ni wewe peke yako."